Fahali Aliyeirudisha Ndege Nairobi

Umande bado umelowesha nyasi, na Erastus Shitanda ameshafyeka nusu ya uwanja wa ndege wa Kakamega. Anainama, anafyeka, anajinyoosha akishika kiuno, kisha anaanza tena. Ana miaka hamsini na minne. Kazi hii ya shilingi mia na ishirini kwa mwezi ameifanya tangu mwaka wa uhuru, na kwa miaka yote minne ndege alizozipokea ni za kuhesabu kwa vidole.

"Nyasi hazichokangi," anasema. "Mimi ndiye nachoka."

Bintiye, Navalayo, ni muuguzi Uingereza. Mwaka jana mama yake, Risper, alipofariki, Navalayo alisafiri kutoka London hadi Nairobi kwa siku moja. Kutoka Nairobi hadi nyumbani, kwa gari moshi na basi lililokwama matopeni, alitumia siku mbili. Alifika mama yake kazikwa jana yake.

"Alikaa hapo kwa udongo na koti lake la baridi," Erastus anakumbuka. "Hakuniuliza kwa nini hatukumngoja. Afadhali angeuliza."

Ndiyo maana Erastus alipata matumaini mwezi uliopita, kampuni moja ya ndege ilipotaka kujaribu safari ya Nairobi hadi Kakamega. Ilikuwa imesikia kwamba watu wa huku wanaofanya kazi ng'ambo ni wengi, na hakuna anayewafikisha nyumbani. Ndege ya majaribio ingetua Jumamosi. Ikitua salama, ingekuja kila wiki.

Erastus alipaka mawe chokaa. Akaomba itangazwe kanisani na sokoni kwamba siku hiyo mtu asilete ng'ombe kulisha uwanjani. Watu walitii, hakuonekana hata ndama.

Ila fahali wa kupigana si ng'ombe wa malisho, na hakuna aliyedhani tangazo lilimhusu. Saa tatu ngoma za isukuti zikasikika. Mdogo wake Erastus, Sylvanus, akatokea na fahali wa ukoo, umati nyuma yake, wakielekea Malinya kwenye pambano la mafahali. Njia yao ilikatiza uwanjani, nayo ilikuwepo kabla uwanja haujajengwa.

"Nikamwambia, Sylvanus, rudisha hiyo ng'ombe. Akaniambia, 'Kaka, si unajua fahali akirudishwa njiani ameshashindwa? Tunapita tu.'"

Erastus alijua. Akawapisha.

Fahali alifika katikati ya uwanja, akasikia mngurumo juu, akagoma. Akachimba ardhi kwa kwato, akaikabili ndege kama mpinzani wake wa siku hiyo. Walimvuta, wakamwimbia, wakamsihi. Ndege ilizunguka mara tatu, ikarudi Nairobi. Umati ukashangilia ushindi. Erastus akakaa chini kwenye nyasi zake, akalia.

Kampuni haijasema neno tangu siku hiyo. Navalayo naye ameandika akiuliza ndege inakuja siku gani, aombe likizo ya Desemba. Baba yake hajamjibu.

"Nitamwambia ukweli, ni mimi niliwapisha," anasema.

Jumatatu atapanda basi hadi Nairobi, akawaombe wakubwa wa kampuni wajaribu tena. Sylvanus ameshaapa kwamba siku hiyo fahali atapitishwa barabarani.

"Wakikataa, nitarudi nifyeke tu," anasema, akiliokota fyekeo lake. "Mama yake alishindwa kumngoja. Mimi nataka anikute nikiwa bado nasimama."