Masaa Mawili ya Kuitesa Prosesa

Zamani, nimeoa hata mwaka haujaisha, nilinunua maksai mnadani Sengerema. Tumbo limejaa, ngozi inang'aa, nikamzunguka mara tatu kama mtu anayejua. Nilijua nini? Kumbe walimlambisha chumvi, wakampa maji akanywa mpaka akavimba. Shambani alivuta plau mistari miwili, wa tatu akalala. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaacha kucheka, maana mvua zilikuwa zimeshaanza. Tulichokula mwaka ule sitaki kukisimulia. Tangu hapo kitu kilichosimama tu sikiamini. Pikipiki, pampu ya maji, hata mkwe, nataka kwanza nione kazi.

Kwa hiyo binti yangu aliponiita Nyamagana anunue kompyuta mbele yangu, niliwahi. Ana kichumba cha stationari, anachapa mitihani ya shule. Kompyuta yake ya kwanza iliganda mtihani ukiwa nusu, shule ile ikahama. Amebakiwa na shule moja. Hii nayo ikiganda, anafunga, anarudi kwangu Ilemela kuuza dagaa.

Muuzaji aliileta mwenyewe mpaka pale kichumbani, mtu mzima, shati limenyooshwa kupita kiasi.

"Shikamoo, mzee wangu. Mashine hii haijapata kuugua."

"Marahaba."

"Kaka, tutaipa stresi kwanza," binti akasema.

"Kompyuta nayo ina mawazo?" nikauliza.

Akacheka, akanieleza. Ndani kuna prosesa, ndiyo inayopiga hesabu zote. Anaweka programu inayoirundikia hesabu ngumu bila kupumzika, masaa mawili. Prosesa mbovu ikipata joto inakosea, mashine inaganda au inazima. Nzima inavumilia. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini hilo nililielewa hata hajamaliza.

"Masaa mawili? Dada, unataka kuiua!"

"Si umesema haijapata kuugua?"

Mashine ikaanza kuvuma. Kwenye kioo namba ya joto ikapanda, sitini, sabini. Muuzaji akachukua feni ya mezani iliyokuwa inatupepea sisi, akaielekeza kwenye mashine.

"Joto la Mwanza hili, mzee."

Nikaigeuza kwangu. Akaigeuza tena. Nikaizima.

"Binti yangu hana mtu wa kuipepea kila siku."

Nikangoja igande. Nilikuwa na hakika, tena namtazama yeye kuliko kioo. Saa nzima ikapita. Joto lilifika themanini na mbili, likakaa hapo hapo. Ndipo nikaingiwa na wasiwasi wa kweli. Mashine ndiyo inafanya kazi, mbona jasho linamtoka yeye?

Nikainama kuiangalia vizuri. Ubavuni palikuwa na gundi, mraba mdogo, kama mahali palipobanduliwa karatasi. Karatasi za namna hiyo nimeziona kwenye viti vya zahanati, zina namba ya mali ya serikali.

"Bwana, hii imetoka ofisi gani?"

"Yangu mwenyewe, mzee. Ya nyumbani."

"Kwako mnabandika vitu namba? Na mama watoto umembandika?"

Hakucheka. Binti akaacha kutazama kioo.

"Kaka," akasema taratibu, "mashine nimeipenda. Ila nitataka risiti uliyonunulia, halafu twende kwa mwenyekiti wa mtaa tuandikishane."

"Hamna shida, dada. Risiti iko kwenye pikipiki, naifuata."

Akanipa mkono, umelowa. Akatoka. Nilitega sikio, sikusikia pikipiki yoyote ikiwaka.

Masaa mawili yakatimia, programu ikaandika kwamba haikukuta kosa hata moja. Binti akaweka mikono mapajani. Mtihani wa shule yake ulikuwa pale mezani, kurasa sita za mwandiko wa mwalimu, mbele ya kompyuta nzima kabisa ambayo hatukuthubutu kuchapia hata herufi moja. Jioni tuliibeba wenyewe mpaka kwa mwenyekiti, tukaandika jinsi tulivyoipata. Yule bwana hakurudi siku ile, wala kesho yake, wala hajarudi mpaka leo.