Mlango wa Makaa

Juzi, kwenye stesheni ya Kisumu, mafundi walikuwa wakifufua injini ya zamani ya mvuke. Niliposikia nyundo ikigonga ndani yake, nilisimama kusikiliza.

Siku moja utotoni nilimpelekea Baba chakula kwenye karakana ya reli. Nilimkuta akijipenyeza kwenye mlango mdogo wa kutilia makaa kwenye tanuri la injini kama hiyo, mpaka viatu vyake vikamezwa. Palinuka masizi. Akaanza kugonga, nami nikadhani anaomba kutolewa.

“Wacha kulia, mama,” mwenzake aliniambia. “Anagonga askie kama kuna chuma imepasuka.”

Sikumwamini. Nyundo iliponyamaza nilipiga mayowe, hadi Baba akatoka, mweusi tii.

Leo najua moto ulikuwa umezimwa. Baba naye tulishamzika. Lakini juzi nyundo iliponyamaza, nilijikuta nikiita, “Baba, toka!”