Bwana harusi peku mbele ya glasi

Leo Nachingwea harusi imesimama kwa sababu viatu vya bwana harusi vilikuwa chooni.

Subirini niwaeleze.

Bibi harusi ni Dao, Mthai, binti wa mnunuzi wa vito kule Ruangwa. Bwana harusi ni Eli, Myahudi. Wakakubaliana kufuata mila za pande zote mbili.

Tukaanza Kithai. Viatu tukavua mlangoni, maharusi wakakaa mkekani, wazee wakawamwagia maji mikononi. Safi kabisa!

Ikaja zamu ya Kiyahudi. Baba yake Eli akaweka mkekani glasi iliyofungwa kitambaa. Bwana harusi aikanyage ivunjike.

Eli yuko peku.

Mlangoni viatu vyake havipo!

"Glasi isipovunjika, kwangu hamjaoana," baba yake akasema. Hakuwa anatania. Dao machozi yakamlengalenga.

Mara jirani wa kina Dao, Mzee Bakari, akatokea uani, miguu inang'aa.

"Nisameheni wanangu, nimevaa vya karibu. Nilibanwa!"

Ukumbi mzima kicheko. Lakini Eli alipovivaa tu, bibi mzee wa Dao akanyoosha mkono kumzuia. Mkeka wake haukanyagwi na viatu.



Kisha bibi akainama mwenyewe, akauvuta mkeka pembeni, glasi akaiweka sakafuni. Akasema kitu kwa Kithai. Dao akatutafsiria huku anacheka:

"Anasema vunja upesi, wali unapoa."

Paa! Vigelegele!

Aliyelia ni baba yake Eli.

Nani ana picha? Mimi mwandishi wa habari nimesahau kupiga.