Aliyenichagulia Clé ya Wifi

Nitakueleza ilivyokuwa, bila kuongeza neno. Sikuota, sikuwa mgonjwa, na ilikuwa saa tisa za mchana, soko limejaa watu.

Kazi yangu ni kuchapa kazi za mwisho za wanafunzi, nyumbani kwangu Bulengera, hapa Butembo. Kompyuta yangu ya zamani iliharibika, nikanunua nyingine kule Beni, komini ya Beu, kwa mjane mmoja anayeitwa Mama Kavira. Mashine nzuri, ila haishiki wifi yenyewe. Jirani ananiachia nitumie ya kwake, kwa hiyo nikatafuta clé ya wifi, kile kidude cha kuchomeka. Nikachukua kilichokuwa kidogo kuliko vyote. Kilikata kila mara, hata mwanafunzi mmoja karibu akose kutuma kazi yake siku ya mwisho.

Nikarudi sokoni. Nimeshika mbili mkononi, sijui nichague ipi, mwanaume mmoja akasimama kando yangu. Mrefu, kabuti ya kahawia, kifungo kimoja cheupe, vingine vyeusi.

“Hapana kamata hiyo ndogo, mama,” akasema. “Itapata moto, itakata tu. Kamata hii ya antena. Iko na kamba yake, utaiweka juu ya meza, mbali na chuma ya mashine.”

“Na mashine ikiikataa?”

“Haitakataa. Lakini usiitie mbele. Matundu ya mbele ilikufa, ni miye niliiunguza. Tia nyuma.”

Nikafikiri amenifananisha na mteja wake. Nikamgeukia muuzaji ili anifungie ile ya antena, nikakuta ananikazia macho.

“Mama, unasema na nani?”

Kando yangu hapakuwa na mtu. Upande ule ni ukuta mtupu. Angepita wapi?

Nyumbani nikajaribu matundu ya mbele: kimya. Nikatia nyuma, ikashika, na tangu siku ile haijakata. Niamini, kushika kwake ndiko kuliniogopesha.

Nikampigia simu Mama Kavira, nikamwuliza nani aliunguza matundu ya mbele.

“Ni bwana yangu. Alikuwa na haya, alinikataza niambie mutu.”

Nikamweleza juu ya yule wa sokoni, kabuti yake, kifungo chake cheupe.

“Kile kifungo ni miye nilikishona,” akasema. “Tulimuzika nayo, ile kabuti.”

Hakulia. Aliuliza neno moja tu: “Aliniulizia?”

Nikamwambia ukweli, kwamba aliongea mambo ya mashine tu.

“Ndivyo alikuwa,” akasema, akakata simu.

Sasa kila Jumapili baada ya ibada ananipigia. Anasalimia, anaulizia kazi, kisha anangoja, nami namwambia bado sijamwona. Mara mbili amekuja kutoka Beni, tukasimama wote wawili mbele ya duka lile hadi muuzaji akafunga. Muuzaji siku hizi hanisalimii.

Basi wewe unayenunua mashine iliyotumika, uliza ilikuwa ya nani. Na mtu usiyemjua akikuelekeza vizuri mno, usigeuze uso haraka. Muulize kwanza kama ana neno la kutuma nyumbani. Mimi sikumuuliza.