Kamera ya Bibi Usicheke

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyu alifanya kazi ya kuwaambia watu wasicheke, na serikali ikamlipa mshahara kwa hilo. Alikaa chumba cha mwisho cha ofisi ya vitambulisho, chumba chenye stuli moja, taa mbili na ukuta mweupe, nyuma ya kamera kubwa iliyofungwa juu ya mguu wa chuma. Watu waliingia mmoja mmoja. "Kaa. Kidevu juu. Angalia hapa. Usicheke." Mwanga ukapiga, kisha, "Anayefuata!" Mji mzima ulipita mbele yake, wakubwa kwa wadogo, waungwana na wezi, ndiyo maana mji mzima ukamwita Bibi Usicheke. Jina alilijua na wala halikumnyima usingizi.

Kazi hiyo ilimfundisha jambo moja lisiloandikwa kwenye mafunzo yoyote: aliijua sekunde ambayo uso wa mtu hujifunga. Mtu huingia na uso wake, ule ule anaokula nao nyumbani. Halafu anaiona kamera. Shingo inakaza kwanza, midomo inafuata, mwisho macho. Na ikishafika kwenye macho, mwenye uso ameshajiondokea, kaacha mlinzi mlangoni. Bibi Usicheke alikuwa akimsubiri mlinzi huyo afike, ndipo abonyeze. Hivyo ndivyo ofisi ilivyotaka.

Mume wake alikuwa dereva wa gari la mikate, mtu wa kucheka mpaka majirani wagonge ukuta. Alipofariki, mwaka mmoja kabla mkewe hajastaafu, ilitafutwa picha ya kuweka sebuleni waombolezaji waione. Makabati yakapekuliwa, masanduku yakamwagwa, ikapatikana moja tu, ya kitambulisho, aliyoipiga mkewe kwa mkono wake mwenyewe. Ikakuzwa, ikatiwa fremu, na bwana wa watu akawa anawatazama wageni kama anayesubiri kusomewa mashtaka. Mgeni mmoja asiyemjua akanong'ona, "Marehemu alikuwa mkali, eeh?" Neno hilo lilimchoma mjane kiasi kwamba hakumsimulia mtu yeyote.

Basi ilikuwa imepita miezi minne tu tangu astaafu pale dada yake mkubwa alipotangaza kuhama. Dada huyu alikuwa fundi wa kurekebisha nguo, na kwa zipu hakuwa na mpinzani. Binti yake anayeishi mbali, safari ya siku mbili kwa basi, alikuwa amejifungua mapacha na kumwita mama yake akakae naye moja kwa moja. Zilibaki wiki tatu. Dada alitoa habari hiyo huku akikata uzi kwa meno ya pembeni, maana ya mbele hakuwa nayo. Mawili yalibaki barabarani siku alipoanguka na baiskeli, miaka thelathini iliyopita, na tangu hapo hakuwahi kucheka bila kiganja mdomoni.

Usiku huo Bibi Usicheke alifungua droo kutafuta picha ya dada. Alikuta nyingi ambazo dada kajificha nyuma ya mtu, na nyingine ambazo mkono umefunika nusu ya uso. Moja tu ilimwonyesha uso wote, nayo ilikuwa na ukuta mweupe nyuma na kidevu juu. Akaiweka mezani akaitazama. "Mume wangu nilimzika na uso usio wake," akasema peke yake. "Dada sitamwacha aondoke hivyo."

Mtu atauliza, si angetumia simu? Alijaribu. Kwenye jua kioo cha simu kilikuwa cheusi tii, na siku alipompata dada ameinamisha kichwa anatabasamu peke yake, mkwe wake akapiga kuuliza kama amekula. Halafu simu siku hizi watu wanaijua. Ukiinyanyua tu, hata mbuzi anatengeneza shingo.

Akaenda kwenye duka la kamera. Muuzaji alikuwa bwana mnene mwenye tai fupi, mwingi wa maneno, na siku hiyo alikuwa na ugomvi wa simu na shemeji yake kuhusu geti lililochomelewa vibaya. Kila alipomaliza sentensi moja ya ugomvi alimgeukia mteja kwa tabasamu.

"Karibu mama. Unataka ya sherehe? Ya mandhari? Hii hapa ina megapikseli mpaka inatisha."

"Nataka ya kutembea nayo barabarani kila siku. Iingie mfukoni. Nionyeshe tatu."

Muuzaji alianza kumsomea sifa. Bibi Usicheke hakuzisikiliza. Aliuliza mambo mawili tu: inaamka baada ya muda gani, na inaweza kunyamaza? Kisha akafanya jambo ambalo muuzaji hajaligundua mpaka leo. Alizijaribu kamera zote kwa uso wa muuzaji mwenyewe.

Ya kwanza ilikuwa nzito, yenye lenzi nene kama kikombe. Alipoinyanyua tu, muuzaji alivuta tumbo ndani na kumwambia shemeji asubiri. Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, nzuri ya kuvutia, lakini ukiiwasha lenzi ilijitokeza huku ikilia kama mbu. Muuzaji aligeuka, akashika tai. Ya tatu ilikuwa nyeusi, imechubuka pembe moja, unene wa kipande cha sabuni. Haikulia. Kioo chake cha nyuma kiliweza kuinuliwa kikatazama juu, hivyo aliishika tumboni na kuinamisha kichwa, na yeyote angedhani anatafuta miwani kwenye mkoba. Muuzaji aliendelea kufoka, "Geti gani hilo, shemeji, paka anapita na mizigo yake!" Kamera ikanasa kidole hewani, jicho limetoka, mdomo wazi, na mtu mwenyewe yumo ndani ya uso wake wote.

"Nachukua hii," akasema Bibi Usicheke.

"Hiyo imetumika, mama. Halafu haivuti mbali."

"Nitavuta kwa miguu."

Kamera ikapatikana, lakini kununua jembe si kulima. Wiki ya kwanza alizunguka sokoni, kituoni, kwenye vibaraza vya washona viatu, akarudi nyumbani na picha arobaini na tatu. Alipozipitia alitamani kucheka na kulia kwa pamoja. Thelathini na moja zilikuwa za watu waliosimama mbele ya ukuta mweupe. Hakuwa amewapanga. Miguu yake yenyewe ilimpeleka penye kuta nyeupe, mikono ikaweka kichwa cha kila mtu katikati, kwa kipimo kile kile cha ofisini. Muuza magazeti, mama wa maua, fundi bomba aliyebeba choo begani: wote vitambulisho vitupu, kasoro mhuri. Mazoea yana taabu, asikwambie mtu.

Akajilazimisha. Alisimama kwenye kona zisizo na ukuta. Alimpiga mama wa maua akimkaripia nyuki, kisha akamwonyesha na kumwomba ruhusa ya kuitunza, mama wa maua akaitazama, akasema, "Haa! Mimi huyu?" na kuwaita wenzake. Bibi Usicheke aliondoka pale moyo mweupe, anatembea haraka kama msichana. Kila siku alipata mbili tatu zenye uhai. Alijua kwamba amechelewa miaka mingi kuanza, na hakujali hata kidogo.

Kwa dada, lakini, mambo yaligoma. Kila alasiri alikwenda kibarazani kwake kumsaidia kufungua mishono na kupanga vifungo, kamera mfukoni mwa aproni. Mara tatu uso wa dada ulifunguka kabisa. Mara zote tatu, kabla kidole hakijabonyeza, mdomo wa Bibi Usicheke ulijisemea wenyewe: "Angalia hapa." Na dada akaangalia, akakunja midomo, kiganja kikapanda.

"Na wewe na hilo dude lako," dada akafoka mara ya tatu. "Mdogo wangu, niache nife na uzuri wangu moyoni. Sipendi picha, unalijua hilo tangu zamani."

"Najua, Dada."

"Sasa?"

Bibi Usicheke akarudisha kamera mfukoni. Alirudi nyumbani amejichukia, maana kamera haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa chini ya pua yake mwenyewe.

Siku ya mwisho ikafika. Masanduku yalikuwa yamefungwa kwa kamba, cherehani imebaki peke yake kibarazani ikisubiri wa kuibeba jioni. Bibi Usicheke alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakusanya pini sakafuni, ameshakata tamaa nusu nzima. Ndipo akaingia mwalimu wa hesabu mstaafu wa mtaa wa pili, jua linawaka, naye amevaa jaketi zito lililofungwa mpaka kidevuni. Alitembea ameinua kichwa juu kama anayeogelea, jasho linamtiririka.

"Fundi, niokoe," akasema. "Zipu imegoma tangu saa kumi na mbili asubuhi. Haipandi, haishuki. Nimekunywa chai kwa mrija."

"Na mama nyumbani hakukusaidia?"

"Mke wangu kasema nilivae tu mpaka lichakae lenyewe."

Dada akamketisha stuli, akashika kichwa cha zipu kwa koleo ndogo mkono wa kulia, na kwa wa kushoto akawa anasugua meno ya zipu kwa kipande cha mshumaa. Akaanza kutikisika mabega. Bibi Usicheke aliona yaliyokuwa yanakuja kabla mwenyewe hajayaona, na akaona pia kwamba mikono yote miwili ya dada ina kazi. Akachukua pini tatu alizokuwa ameokota, akazibana katikati ya midomo yake kama wafanyavyo mafundi. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kumwambia mtu neno. Akainua kioo cha kamera pale pale mapajani.

"Fundi, usicheke, utanikata shingo," mwalimu akaomba, macho yanatazama dari. "Nina watoto. Na deni la benki. Benki itaumia sana."

Dada alicheka. Alicheka kichwa kimerudi nyuma, pengo liko nje mchana kweupe, machozi yanamtoka, koleo mkononi. Pini zikakaa kimya. Kidole kikabonyeza mara moja tu.

Zipu ilipoachia, mwalimu alivuta pumzi kama aliyezaliwa upya. Bibi Usicheke akatema pini, akasogea, akaweka kamera kwenye meza ya cherehani.

"Dada, nimekupiga picha. Sikukuomba, nisamehe."

Dada akatupia jicho, akalirudisha haraka.

"Futa."

Bibi Usicheke akaichukua kamera. Wiki tatu, viatu viwili vimelika soli, na mwisho wake ni neno moja. Angeweza kusema ameifuta huku hajaifuta; dada kamera haijui. Lakini uso ni mali ya mwenyewe, na yeye alikuwa amechukua nyuso za watu kwa amri miaka ishirini na sita, sasa basi. Akaweka kidole juu ya kitufe.

"Nafuta, Dada. Ila itazame kwanza vizuri. Mara moja tu."

Dada akasonya, akavaa miwani yake ya kutungia uzi, akaivuta kamera karibu. Mwalimu naye akachungulia begani kwake, akasema picha nzuri sana isipokuwa yeye kafanana na kuku anayeoshwa. Hakuna aliyemgeukia. Akaona heri aage, akaondoka na jaketi lake begani.

Dada alikuwa bado anatazama.

"Hivi ndivyo ninavyokuwa nikicheka?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku, Dada. Hata mkono ukiwa juu, macho yanakuwa hayo hayo."

Dada akavua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo, akaivaa tena.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "na hukuniambia."

Bibi Usicheke akasogeza kigoda karibu. Akamshika dada bega, wakakaa hivyo, wawili wao, mbele ya cherehani, mmoja analia waziwazi na mwingine anajifanya ana vumbi machoni.

"Haya basi," dada akasema mwishowe. "Kama unapiga, piga ya maana. Nipige moja ya kwenda nayo, mapacha wamjue bibi yao." Akaingia ndani, akanawa uso, akatoka na kitambaa kipya kichwani. Akaketi wima kwenye stuli, mikono magotini, midomo imebana, kidevu juu. Bibi Usicheke akainua kamera. Akapiga kama alivyotakiwa.

Dada akaichukua kamera mwenyewe. Akaulizia kitufe cha kurudi nyuma na kitufe cha kwenda mbele, akaonyeshwa, akawa anabonyeza huku na huku, picha hii, picha ile, hii, ile.

"Huyu wa pili ni nani?"

"Si ni wewe, Dada."

Dada akamtazama huyo wa pili kwa muda, kisha akamrudishia mdogo wake kamera.

"Simjui," akasema. "Mfute."

Bibi Usicheke akamfuta.