Kochi Bovu na Wenzake

Fundi huyu wa makochi alikuwa na mke mmoja, karakana moja, mashine moja ya kushonea iliyokohoa kila asubuhi kabla ya kukubali kazi, na tovuti tatu. Hapo penye tovuti ndipo penye kisa. Mtu anaweza kuishi vizuri kabisa bila tovuti hata moja, na wengi wetu tumeishi hivyo, lakini ukishapata ya kwanza na simu ikaanza kuita, tamaa nayo huvuta kiti ikakaa.

Hiyo ya kwanza alitengenezewa na mpwa wake, binti wa dada yake, anayefanya kazi katika ofisi ya mambo hayo. Jina alilichagua binti mwenyewe: Kochi Bovu.

"Kochi Bovu?" fundi aliuliza. "Nani atampelekea kazi mtu anayeitwa Kochi Bovu?"

"Wote wenye makochi mabovu, mjomba. Ndivyo watu wanavyoandika wakitafuta kwenye simu. Hakuna anayeandika, 'Natafuta bingwa wa samani laini.'"

Na kweli, wateja walianza kumiminika. Lakini lile jina lilimkwama kooni. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi cha heshima na miwani ya kusomea iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya viatu, na kwa miaka ishirini na mitano alikuwa amefanya kazi ambayo ikikamilika watu huikalia. Hebu fikiria. Mchoraji picha yake hutundikwa. Mpishi chakula chake husifiwa. Fundi wa makochi hutia akili zake zote kwenye kiti, kisha mtu anakuja, anakipa mgongo, anakaa. Jambo hilo lilimuuma kuliko alivyokuwa tayari kusema.

Basi akamrudia mpwa wake akitaka majina mengine mawili. Kitaalamu huitwa majina ya kikoa, yaani zile anwani unazoandika ili ufike kwenye tovuti. Alitaka Viti vya Fahari kwa ajili ya wenye nazo, na Makochi ya Kisasa kwa vijana wanaoanza maisha.

"Hakuna shida," binti alisema. "Majina yawe mengi upendavyo, biashara nyingi zinafanya hivyo. Lakini yote yampeleke mteja kwenye tovuti ile ile moja. Akiandika Fahari, anafika kwako. Akiandika Kisasa, anafika kwako."

"Hapana. Kila jina liwe na kwake. Kurasa zake, picha zake, namba yake ya simu."

"Ili iweje, mjomba?"

"Anayemkataa Fahari amkute Kisasa. Akimkataa Kisasa amkute Kochi Bovu. Atapita wapi?"

Binti alimweleza kwamba atajichosha, na kwamba mtu akijigawa mara tatu kila kipande hupungua. Mjomba alimsikiliza kwa subira ya mtu ambaye ameshaamua. Mwisho binti akatengeneza, maana mjomba ni mjomba.

Fundi alinunua simu mbili ndogo akazipanga kwenye rafu kando ya makopo ya gundi. Ya Fahari aliipokea kwa sauti nzito, polepole, kama mtu aliyekaa kwenye kiyoyozi. Ya Kisasa aliipokea mbio mbio, "mambo vipi, tupo." Ya Kochi Bovu aliipokea kwa sauti yake mwenyewe, misumari ikiwa mdomoni. Mkewe, aliyekuwa akishona foronya za mito kwenye kona nyingine ya karakana, alisikia yote.

"Wanaume wote hawa humu ndani," alisema siku moja, "na hakuna hata mmoja anayefagia."

Kilichomponza fundi ni kalamu. Kurasa za tovuti zinataka maneno, na maneno aliyaandika mwenyewe. Kila alipovaa jina moja, aliwaona wale wawili kuwa maadui. Kwenye Viti vya Fahari aliandika kwamba wateja wajihadhari na mafundi wa vichochoroni kama Kochi Bovu, wasio na mikono ya kazi, wanaofunika uozo kwa kitambaa kipya. Kwenye Kochi Bovu akajibu kwamba Fahari anauza vifungo vya dhahabu na maumivu ya mgongo. Kwenye Makochi ya Kisasa aliwaita wote wawili wazee wa sponji. Alicheka peke yake akiandika, akifuta machozi kwa pindo la aproni.

Watu walisoma wakaamini kuna vita. Muuza vitambaa alimshika mkono akamwambia kwa siri kwamba yuko upande wake, na kuanzia leo yule Fahari asikanyage dukani kwake. Ikabidi fundi ashukuru.

Mambo yakiwa hivyo ndipo ukumbi wa mji ulipotangaza kazi. Viti mia mbili na arobaini vya kuvalishwa upya. Kila fundi anayetaka kushindana achukue kiti kimoja cha zamani, akitengeneze, akirudishe baada ya wiki mbili, na kanuni ilidai washindani wasiopungua watatu. Fundi alisoma tangazo mara mbili, kisha akavua miwani. Ukumbi ule watu huuingia kwa mlango wa nyuma. Mtu akisimama pale mlangoni angeviona viti vyote kwa pamoja, safu kwa safu, kabla hajafika kwenye chake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake kazi yake ingeonekana kabla ya kukaliwa. Aliitaka kazi ile kuliko kitu chochote tangu siku alizokuwa akimposa mkewe.

Badala ya kupeleka kiti kimoja kizuri, alipeleka vitatu. Watatu wanatakiwa, watatu si tupo? Cha Fahari alikishona kwa kitambaa chekundu chenye vifungo vinavyong'aa, kazi ya siku sita. Cha Kisasa alikitia kijivu, kimenyooka, kikavu, kazi ya siku tano. Cha Kochi Bovu kilibaki mpaka mwisho, muda ukiwa unakwisha, na hakikupata pambo lolote. Alifunga mikanda, akapanga springi, akakaa. Akanyanyuka, akachomoa springi moja, akakaa tena. Alifanya hivyo mchana kutwa, mpaka mgongo wake ukaacha kulalamika, kisha akakifunika kwa kitambaa cha kahawia alichokuwa nacho.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, barua tatu zenye maneno yale yale. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Mwalimu, mkuu wa shule mstaafu, aliyeufundisha nusu ya mji kusoma, fundi akiwemo. Watu wazima wenye wajukuu walikuwa bado wakitema ubani wa kutafuna wakimwona kwa mbali. Mwalimu alikuwa amezisoma zile tovuti, na hakuwa tayari kuingiza ugomvi ukumbini. Aliwataka mafundi wote watatu wafike Jumatano saa nne. Kabla ya viti kujadiliwa, alisema, watapatana.

"Hongera," mkewe alisema alipozisoma zote. "Mtakwenda kwa gari moja?"

Fundi hakucheka. Alikimbilia kwa shemeji yake, kaka wa mkewe, kinyozi mwenye maneno mengi, akamwomba awe Kisasa kwa saa moja tu. Shemeji alifurahi. Alishauliza avae nini, akajifunza hata aina za sponji, tena kwa bidii. Kisha akauliza anayewaita ni nani.

"Mwalimu."

"Mwalimu yupi? Yule yule?"

"Yule yule."

"Shemeji," alisema kinyozi, akiikunja taulo taratibu, "Jumatano nina vichwa vingi."

Kwa hiyo alikwenda peke yake. Wajumbe saba walikuwa wameketi mezani, na vile viti vitatu vimepangwa mbele yao. Mwalimu alikuwa katikati, mdogo, mkavu, na kalamu nyekundu mkononi.

"Wenzako wako wapi?"

"Mmoja anaumwa, Mwalimu. Mwingine amefiwa."

"Poleni. Na wewe ni yupi?"

Fundi alikitazama kile kiti chekundu chenye vifungo. "Mimi ni Fahari."

Mwalimu alimsogezea karatasi. Alikuwa ameichapisha kutoka kwenye tovuti, na maneno fulani yamepigiwa mstari mwekundu. "Soma. Kwa sauti, wote tusikie."

Fundi alivaa miwani akasoma. Mafundi wa vichochoroni. Wasio na mikono ya kazi. Wanaofunika uozo. Maneno yaliyomchekesha karakanani yalimtoka mmoja mmoja, na ukumbi ule mtupu ukawa unayarudia. Alipofika mwisho hakujua aitazame karatasi au sakafu.

"Sasa nisikilize," alisema Mwalimu. "Tumevikalia viti vyote vitatu. Chako kinapendeza macho, lakini vifungo vinachoma. Kile cha kijivu ni kama kukalia dawati. Hiki cha kahawia, cha huyu uliyemtukana, mhasibu wetu alikikalia akakataa kunyanyuka. Ilibidi tumwondoe. Mimi nimekalia viti vya kila namna kwa miaka sabini na sijakutana na kiti kama hiki. Nataka kumwona mtu huyu. Wewe umeandika hana mikono ya kazi. Umemjulia wapi?"

Fundi alisikia joto likimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Ilikuwa aibu, na ndani ya aibu ilikuwemo furaha, na ile furaha ndiyo iliyomtia aibu zaidi. Miaka ishirini na mitano alingoja mtu aseme maneno yale. Sasa yamesemwa mbele ya watu saba, na yeye amesimama upande wa adui.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema.

"Ni wewe nini?"

"Kochi Bovu. Ni mimi."

"Na Kisasa?"

"Ni mimi pia."

Mhasibu alianza kukohoa, na kikohozi kile hakikuwa cha ugonjwa. Mwalimu aliifunika kalamu yake nyekundu.

"Yaani umekuwa ukijitukana mwenyewe mtandaoni, tena kwa kulipia?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na aliyefiwa?"

"Hakuna aliyefiwa, Mwalimu."

Hapo wajumbe walishindwa kujizuia, wakacheka mpaka mmoja akatoka nje. Mwalimu hakucheka. Alingoja wamalize, kisha akasema kwamba kanuni inataka mafundi watatu, na kamati haina hata mmoja na nusu. Watatafutwa wengine wawili, wa kweli. Kiti cha kahawia kitabaki na kitashindana nao kwa haki. "Vile viwili ondoka navyo," alisema. "Na nyumbani kapatane na wenzako."

Aliondoka navyo kimoja kila mkono, mchana kweupe, akipita mbele ya kibanda cha kinyozi na duka la muuza vitambaa. Habari zilimtangulia. Kufikia jioni walishamwita Watatu, na mpaka leo anaitwa hivyo, na huitika.

Mpwa wake hakumcheka, au alicheka kabla hajafika. Alikaa karakanani, kompyuta mapajani, akazifuta kurasa za Fahari na Kisasa. Majina aliyaacha, maana yalishalipiwa na watu walishayazoea, ila sasa yote matatu yalikwenda mahali pamoja.

"Huku mbele liandikwe jina gani, mjomba?"

"Kochi Bovu," alisema fundi, akazima zile simu mbili ndogo.

Wiki tatu zikapita, ndefu. Viti vya washindani wapya vilifika, na kimoja, cha mwanamke fundi wa upande wa pili wa mji, kilikuwa kizuri, fundi wetu mwenyewe alikiri baada ya kukikalia mara mbili. Mwisho kamati ikaamua: yule mama apewe viti vya roshani ya juu, na Kochi Bovu apewe viti vyote vya chini. Fundi alipoipata barua aliisoma kwa mkewe kwa sauti yake ya kawaida, ikamkatikia katikati, ikabidi mkewe amalizie.

Kazi ilipokwisha, siku ya ufunguzi wa ukumbi alisimama ukutani, amevaa shati jeupe, akingoja watu waingie wavione. Waliingia. Walikuwa wakizungumza, wakitafutana, wakivuta watoto. Walikaa. Katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyekitazama kiti chake. Fundi alihesabu safu nne, kisha akaacha.

Hotuba zikaanza, na zilikuwa hotuba za siku ya ufunguzi. Katikati ya ile ya pili akamwona Mwalimu, safu ya mbele kabisa, kichwa kimeegemea nyuma, mdomo wazi kidogo, mikono imelegea mapajani. Amelala fofofo. Mwalimu, ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona hata akipiga miayo, alikuwa amelala mchana mbele ya mgeni rasmi.

Mpiga picha wa gazeti alikuwa akija kutoka upande wa jukwaa, kamera imeinuliwa, akitafuta namna ya kuupata ukumbi wote: safu zote kumi na mbili, viti vyote vipya, na mbele kabisa Mwalimu mdomo wazi. Fundi aliona picha ile ingetoka vipi. Aliondoka ukutani kwa hatua za kunyata, akaenda akasimama mbele ya Mwalimu, akaipa kamera mgongo, akapanua mabega. Mpiga picha alimnong'oneza asogee. Hakusogea.

Gazeti lilitoka kesho yake. Lilionyesha ukingo wa jukwaa, bega la mgeni rasmi, na mahali palipopaswa kuonekana viti, mgongo wa shati jeupe.