Kwa Vile Unaenda Bwera

Kuna mfalme anakufa nyumbani kwangu. Yuko ndani ya gemu, amelazwa kitandani, amelishwa sumu, na mimi peke yangu ndiye ninayeweza kumletea dawa. Siku niliyoanza kuicheza hiyo gemu alikuwa amebakiza pumzi chache tu. Tangu hapo nimechuma uyoga, nimefuga farasi, nimemtafutia muuza viungo mmoja kofia yake iliyopeperushwa na upepo, nimeshindana mbio na watu nisiowajua, na mfalme bado amebakiza pumzi zilezile.

Nina chumba cha gemu mjini Kasese, nyuma ya soko, na nalala humohumo: televisheni mbili, viti vya plastiki, na feni inayozunguka pale inapojisikia. Wateja wangu wanalipia mpira. Mpira una dakika zake. Mtu anafungwa, anatukana kidogo, anampisha mwenzake. Hizi gemu za ulimwengu wazi, ambazo unaachiwa nchi nzima uzurure unavyotaka, nazicheza mwenyewe asubuhi kabla hawajafika, na nasema kutoka moyoni kwamba zinanichosha kuliko kulima. Ukifungua ramani imejaa alama kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Hapa kuna sanduku, pale kuna mnara wa kupanda, huku kuna bibi amepoteza mbuzi. Kila bibi katika nchi hiyo amepoteza mbuzi! Wanaotengeneza gemu wanasema huo ni uhuru. Mimi naona ni kutumwa tu, tena na watu ambao hata hawapo.

Ubaya ni kwamba siwezi kuona alama kwenye ramani nikaipita. Lazima niende niifute. Najiambia nikishamaliza hizi kazi ndogondogo nitakwenda kwa mfalme nikiwa nimejiandaa vizuri, na kwa kuwa mfalme hafi, sijawahi kuadhibiwa kwa ujinga huo. Basi ni kwa akili hiyohiyo nilikwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu.

Mchumba wangu anauza dawa katika duka moja Bwera. Baba yake ni mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayekuja na kurudi na mafuta ya mawese. Hatukuwa tumewahi kuonana. Mchumba wangu alinieleza kwenye simu polepole, vile anavyomwelekeza mgonjwa namna ya kumeza vidonge. "Jumamosi baba anavuka kurudi kwao saa nane mchana. Ukimkosa, harudi mpaka Krismasi. Na asipokuona, hakuna ndoa ya kuzungumza. Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Pikipiki ninayo, barabara ni ya lami, na Jumamosi asubuhi na mapema nilikuwa nimeshavaa shati jeupe.

Getini nikamkuta mama mwenye nyumba, ameshika jogoo mwekundu miguuni. "Naskia unaenda Bwera," akasema. Alisikia kwa nani sijui mpaka leo. "Kwa vile unaenda Bwera, hii jogoo inaenda Kisinga kwa dada yangu. Anauguza mtu hospitali. Si ni njia moja?"

Si njia moja. Kwenda Kisinga unaiacha barabara kuu, unaingia ndani, halafu unarudi. Lakini nilihisi alama imewaka kwenye ramani ya kichwa changu, na mkono wangu ukampokea jogoo kabla mimi sijaamua. Nikamfunga nyuma ya pikipiki.

Sijawasha hata injini, shangazi yangu wa Bugoye akapiga simu. "Unaenda kwa wakwe mikono mitupu kama mwizi? Pita hapa uchukue ndizi."

Nieleze kwa asiyeijua nchi yetu: Bwera iko kusini ya Kasese, na Bugoye iko kaskazini. Mtu mwenye akili timamu angenunua mkungu sokoni, ambalo ni soko lile lile lililo nyuma ya kitanda changu. Mimi nikafikiri kama mchezaji. Nikasema hizo ndizi za shangazi ni silaha, na huwezi kumkabili mkubwa wa misheni, yule adui wa mwisho wa gemu, bila silaha. Nikageuza pikipiki, nikaelekea kaskazini na jogoo wa Kisinga mgongoni.

Shangazi alikuwa ameshakata mkungu, mzuri kweli. Lakini kwa vile nimefika, akasema, hebu nimtazamie waya wake wa umeme. Umeme unatengenezwa hukohuko bondeni kwao, nyaya zinapita juu ya migomba yake, na simu yake haina chaji. Nikatengeneza waya. Nikanywa chai, maana kukataa chai ya shangazi ni kutafuta kesi. Halafu, naapa, akaniambia amepoteza mbuzi.

Nilicheka peke yangu mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamtafuta mbuzi huyo kwenye migomba, kwenye kahawa, na mwisho nikamkuta kanisani, amesimama mahali pa kwaya, anakula maua ya altare bila haraka. Kumtoa kulichukua muda mrefu kuliko ibada. Nilipofunga mkungu kwenye pikipiki jua lilikuwa limeshapanda sana, na shati langu jeupe lilikuwa na alama ya kwato kifuani.

Kutoka hapo niliendesha kwa adabu mbaya mpaka Kisinga. Muuguzi akanizuia mlangoni: jogoo haingii wodini. Nikajaribu kumweleza kwamba jogoo ametumwa. Akasema hata angekuwa askofu. Dada yake mama mwenye nyumba akatoka nje, akaona mkungu, akapiga makofi. "Wasingya!" akanishukuru kwa Lhukonzo, na kabla sijafungua mdomo watu wawili walikuwa wameshaubeba kwenda jikoni kwa wauguza wagonjwa. "Hii jogoo kaa nayo kwanza," akaniambia. "Utaniletea jioni ukirudi. Kwa vile unarudi."

Hivyo nikaingia barabara kuu sina ndizi zangu, nina jogoo wa mtu. Simu ikalia. Mchumba wangu.

"Uko wapi?"

"Niko njiani."

"Njia gani? Ya Bugoye? Shangazi yako amenipigia kusifu namna ulivyomkamata mbuzi." Nyuma yake nilisikia malori yakinguruma. "Baba ameshatoka kwangu. Tuko Mpondwe, mpakani. Kimbia."

Nikakimbia. Jogoo alikuwa akinidonoa mgongoni kila nilipopunguza mwendo. Nilijionea huruma, nikajikasirikia, halafu nikaapa kwa sauti, nikiwa na kofia ya chuma kichwani: mtu mwingine yeyote atakayeniambia "kwa vile", nitamwambia hapana. Hata awe nani. Nilirudia neno hilo njia nzima, hapana, hapana, ili mdomo ulizoee.

Mpondwe ilikuwa imejaa malori yenye injini zinazonguruma, wabeba mizigo, na maajenti wa forodha waliokuwa wakikimbia na makaratasi. Nilimtafuta mchumba wangu, na nilimtafuta tajiri: kichwani mwangu baba yake alikuwa na kitambi, koti na saa ya dhahabu. Sikumwona. Badala yake akanijia mzee mwembamba mwenye gambuti na sweta iliyotoboka kiwikoni, ameshika kidumu cha mawese mkono mmoja na mfuko mkono wa pili. Alitazama pikipiki yangu, kamba zangu, jogoo wangu.

"Kijana, uko natoka Kasese?"

"Ndiyo."

"Bon. Utarudia kule leo?"

"Nitarudi."

"Basi nisaidiye. Kwa vile unarudia, ubebe hii muzigo kidogo, iko ya mama moja kule..."

"Hapana!" Lilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Wabeba mizigo wakageuka. "Mzee, hapana. Leo nimebeba jogoo, nimebeba ndizi, nimemfukuza mbuzi kanisani. Mimi si lori. Malori ni yale pale. Tafuta mtu mwingine."

Jogoo akawika. Mzee akamtazama jogoo, akanitazama mimi, akasema, "Pole, mutoto," bila kukasirika hata kidogo.

Hapo ndipo mchumba wangu alipotokea katikati ya malori mawili. Alikuwa amesikia kila kitu. Alisimama kati yetu, akaninyooshea kidole. "Baba, ndiye huyu." Kisha akanigeukia. "Tangu nikujue umesema hapana mara moja tu. Na umemwambia baba yangu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini yeye hakuwa amemaliza. Aliniambia, mbele ya wabeba mizigo waliokuwa wameacha kubeba, kwamba baba yake alikuwa amelizuia lori muda wote huo. Kwamba watu wa Butembo walikuwa wakimpigia simu na kumgombeza. Kwamba alipoona sifiki alisema basi, atafute mtu yeyote anayekwenda Kasese, ampelekee mama wa kijana kitenge na mawese, asije akadhani wamepuuzwa. Mzee asiyetaka mkwe hatumi mawese. Nilikuwa nimekataa kubeba jibu langu mwenyewe.

Ndizi sikuwa nazo. Nikamfungua jogoo, nikampa mzee kwa mikono miwili. Alimpokea, akamweka kwapani kama mtu aliyezoea, na nikajua nina jogoo wa kununua kabla mama mwenye nyumba hajaniuliza. Kisha mzee akafunga kidumu na mfuko nyuma ya pikipiki yangu yeye mwenyewe, akavuta kamba mara kadhaa kuijaribu.

"Barabara iko moja," akasema. "Ufike kwa mama yako. Usipite Bugoye."

Akapanda lori, akavuka na jogoo dirishani. Mchumba wangu alicheka wakati huo, si kabla.

Nilikwenda moja kwa moja. Simu ililia mfukoni kutoka njia panda ya Kisinga mpaka Kasese na sikuigusa. Mama yangu alikitandaza kitenge kitandani, akakilainisha kwa viganja, akaniuliza huyo mzee ni mtu wa namna gani. Nikamwambia alinisubiri.

Mfalme wa gemu yangu naye bado ananisubiri, na wiki hii nimempita tena nikienda kutafuta mbuzi wa bibi mmoja. Yeye hana pengine pa kwenda. Yule mzee alikuwa na lori linanguruma na mji mzima unamwita, na alisimama na gambuti zake kunisubiri mimi, mtu asiyemjua.